Nilimfanya mtangazaji somo wangu, kumbe ndoa yake ilikwisha zamani

SWALI

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, fundi cherehani hapa Tanga. Naishi Makorora na nina kibanda changu cha kushonea Ngamiani. Nimeolewa, nina watoto wawili, wa kwanza ni binti yuko kidato cha tatu. Mume wangu ni dereva wa lori, anabeba mizigo kutoka bandarini kwenda Moshi na Arusha, kwa hiyo siku nyingi za mwezi hayupo nyumbani. Naomba jina langu lisitoke.

Kazi ya cherehani ni ya kukaa. Mikono ina kazi, miguu ina kazi, masikio yako bure. Ndiyo maana mafundi wengi tunafungua redio asubuhi na kuizima tukifunga kibanda. Kwa miaka kama saba nimekuwa nikisikiliza kipindi cha wanawake cha mtangazaji mmoja wa Dar es Salaam, nitamwita Dada M. Kipindi kinaanza saa nne. Baadaye akafungua na ukurasa wake, akawa anaingia laivu usiku akiwa jikoni kwake, anapika huku anaongea. Basi mchana ninaye kibandani, usiku ninaye kitandani, nimevaa spika za masikioni, watoto wamelala.

Bi Mshauri, mimi yule mwanamke namjua. Najua chai yake haina sukari tangu daktari amkataze. Najua mwanawe wa mwisho ana pumu. Akiingia hewani nikisikia anavyovuta pumzi ya kwanza, najua leo ameamka vibaya. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili, mtu wa kwanza niliyetamani kumpa habari alikuwa yeye. Nikatuma ujumbe, akausoma redioni: "Hongera mama wa Tanga, mtunze mtoto na wewe ujitunze." Niliurekodi. Uko kwenye simu mpaka leo.

Miaka minne iliyopita niligundua kwamba mume wangu ameoa mke mwingine Korogwe. Hakuniambia yeye, niliambiwa na aliyekuwa utingo wake. Nikabeba watoto nikaenda kwa mama, Muheza. Mama alinipokea, akaniacha nilie, siku zilipozidi akaanza kuniuliza ada ya mtoto italipwa na nani. Mume akaja na wazee, akaomba radhi, nikarudi. Nilirudi lakini ni kama sikurudi: mwili Makorora, moyo uko stendi. Siku zile zile Dada M. akaeleza kwa mara ya kwanza kwamba yeye naye ana mke mwenza. Akaeleza alivyolia, alivyovunja sahani, alivyokaa kitako na mume wake wakapanga zamu, na kwamba sasa yeye na mwenzake wanapeana hata mapishi. Akasema, "Mwanamke hashindani na mwanamke mwenzake, anashindana na hasira yake." Maneno hayo niliyaandika kwa chaki ukutani kibandani, wateja wakawa wananiuliza ni ya nani.

Toka hapo, kila nilipotaka kufunga mizigo tena, nilimfungulia yeye. Somo wangu wa kweli, aliyenifunda nilipovunja ungo na akaniingiza ndani siku ya harusi, yuko Pangani, mtu mzima sasa, sijamwendea siku nyingi. Dada M. ndiye aliyekuwa somo wangu.

Mwezi uliopita akaingia laivu usiku. Hakuwa jikoni. Akasema hana mume, na si jambo la leo: waliachana miaka mitatu iliyopita. Akasema habari za kupeana mapishi na mke mwenza hazikuwahi kuwa vile alivyozisimulia. Kipindi kilikuwa na wadhamini, na yeye alikuwa na watoto wa kulisha. Akatuomba radhi sote. Kisha, machozi hayajakauka, akatangaza kwamba atazunguka mikoani na kongamano la wanawake wanaotaka kuanza maisha upya, na Tanga imo.

Bi Mshauri, nililia. Baba yangu alipofariki sikulia vile, na naona aibu kuliandika hili. Mpaka leo nikikaa kwenye cherehani naikanyaga tu, kitambaa hakionekani. Binti yangu aliniambia, "Lakini mama, yule hakujui." Nikamwambia atoke chumbani. Mume aliporudi safari akanikuta hivyo, akauliza nani kafa. Nilipomweleza akacheka, kisha akanyamaza, halafu akasema: "Kwani miaka yote hii ulikuwa unaishi na mimi au na redio?" Akageuka akalala.

Sasa naomba unisaidie. Nataka kwenda kwenye hilo kongamano. Kiingilio cha kawaida ni shilingi 20,000, na kwa 100,000 unakaa meza ya mbele na kupiga naye picha. Pesa ninayo, ya kikoba. Nataka nimtazame usoni nimwambie: nilibaki kwenye ndoa kwa sababu yako. Nimemwandikia ujumbe mwingi, hajajibu hata mmoja. La pili, kama maneno yaliyoniweka yalikuwa ya uongo, kubaki kwangu kuna maana gani? Niondoke? Na la mwisho, niambie bila kunificha, je, nina wazimu?

Fundi, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Pole hii nakupa kama anavyopewa mfiwa, kwa sababu umepotelewa na mambo mawili kwa usiku mmoja. Umempoteza mtu uliyemzoea kuliko unavyowazoea majirani. Tena umepoteza jibu ulilokuwa ukijipa kila asubuhi ulipojiuliza kwa nini bado uko katika nyumba hiyo. Watu wa nyumbani kwako wanaliona lile la kwanza tu, la redio, ndiyo maana mmoja kacheka na mwingine kashangaa. Mimi naona la pili ndilo linalokunyima usingizi.

Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo jepesi. Huna wazimu. Mwaka 1956 Wamarekani wawili, Donald Horton na R. Richard Wohl, waliandika makala katika jarida la Psychiatry kuhusu jambo hili hasa, televisheni ikiwa bado ngeni majumbani mwao. Walieleza jinsi mtangazaji anavyozungumza kana kwamba amekaa na mtu mmoja sebuleni, anavyonyamaza kidogo pale ambapo mtu angejibu, na jinsi msikilizaji kweli anavyojibu, kwa mdomo au moyoni. Siku zikienda, msikilizaji anahisi wametoka mbali pamoja. Walitaja kipindi kimoja cha redio ambamo mwanamke asiyejitaja jina alizungumza usiku na wanaume wapweke kwa sauti ya mahaba, na barua za kumposa zikamiminika. Wanaume wazima hao, wenye akili zao na kazi zao. Waandishi wale hawakuuita ukaribu huo ugonjwa. Walisema kwa watu wengi unajazia tu maisha ya kawaida. Walichokiogopa ni pale unapochukua nafasi ya watu wote, na pale mtu anapoushikilia huku ukweli unamkataa mchana kweupe. Wewe ukweli umekuja, umeuona, umelia.

Na tusijifanye kwamba haya ni ya Marekani. Nani katika rika langu asiyezijua kadi za salamu? Mtu ananunua kadi, anaandika majina ya ndugu na jamaa, anaituma, kisha anakaa na redio kungoja sauti iyasome, na jina lake likitajwa mtaa mzima utapata habari. Mwigizaji wa filamu Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, waliofurika viwanja vya Leaders na njia za Kinondoni wengi wao hawakuwahi kumpa mkono. Waliomboleza kama wafiwa, na hakuna aliyetaka kuwapeleka hospitali.

Ukaribu wako na Dada M. una sababu zake, wala si kwamba wewe ni mwepesi. Binadamu tunazoeana kwa kupeana siri kidogo kidogo. Mimi nakupa yangu moja, wewe unanipa yako, kesho tunapeana kubwa zaidi. Dada M. alikupa zake kila siku: ya sukari, ya mtoto, ya ndoa. Moyo hauna namna ya kupambanua siri uliyoambiwa peke yako na siri iliyomwagwa kwa maelfu. Ongeza hapo saa ile ile kila asubuhi, sauti iliyo ndani kabisa ya sikio, chumba giza, na mume ambaye usiku huo yuko Same na lori lake. Ningeshangaa kama usingemzoea.

Mwaka 2004, tamthilia moja iliyopendwa sana Marekani ilipofika mwisho, watafiti Keren Eyal na Jonathan Cohen waliwauliza wanafunzi waliokuwa wakiitazama wameumia kiasi gani. Kilichobainisha zaidi nani ataumia sana ni kiasi cha ukaribu aliokuwa nao na mhusika wake. Lakini upweke nao ulikuwa na sehemu. Hilo la upweke lishike, nitalirudia.

Sasa niruhusu nikukatize mahali pamoja. Unasema ulibaki kwenye ndoa kwa sababu ya Dada M. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na mwenyewe umeandika kwamba mume alikuja Muheza na wazee, ukarudi, ndipo "siku zile zile" ukamsikia akieleza habari za mke mwenza. Yaani alikukuta umesharudi. Aliyekurudisha Makorora ni wewe, ukiwa na hesabu zako: ada ya binti, kibanda, pengine mapenzi, pengine kuchoka, na swali la mama yako ambalo halikuwa dogo. Alichofanya Dada M. ni kukupa maneno mazuri ya kuupamba uamuzi ambao ulikuwa bado unauma. Na katika maneno yake mengi ya miaka mingi, ulichagua yale ukayaandika ukutani. Kipindi cha wanawake kinachorushwa kila asubuhi hakikosi siku kinaposema "mwanamke jipende, ondoka". Hayo hukuyapa chaki.

Sikuambii hivi ili nikubebeshe lawama. Nakuambia kwa sababu kama uamuzi ulikuwa wako, basi uongo wake hauwezi kuufuta. Unaweza kuugeuza, hiyo ni haki yako, lakini utaugeuza kwa kutazama nyumba yako. Wazee walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Wewe na mimi hatukulala kwa Dada M. Na yeye hajalala Makorora.

Je, alikudanganya? Hapa nasitasita. Kuachika ni jambo la mtu na watu wake, na sioni kwamba alikuwa na deni la kulitangaza hewani siku lilipotokea. Mwanamke anayelisha watoto kwa sauti yake, wadhamini wamekaa mlangoni, huenda aliogopa kama unavyoogopa wewe. Upande wa pili, alikaa miaka kadhaa akisimulia utamu wa zamu na mapishi ambao haukuwepo, na wanawake kama wewe mkaupima ukali wa maisha yenu kwa utamu ule mkajiona wakosefu wa subira. Hilo lina madhara, na hasira yako juu yake si ya kipuuzi. Ila angalia: hakukudanganya wewe, Fundi wa Tanga. Alidanganya umati ambao wewe ulikuwamo. Najua sentensi hiyo inauma kuliko uongo wenyewe, na nadhani binti yako alikuwa anaisogelea aliposema "hakujui". Hakukusudia kukudhihaki. Mtoto wa kidato cha tatu naye ana watu wake anaowafuata kwenye simu, na siku mtakapokaa mkazungumza juu ya hili mtaelewana kuliko unavyodhani.

Kuna jambo jingine nimeliona katika barua yako. Najua Dada M. anakunywaje chai. Najua mwanawe anaumwa nini, na pumzi yake ya kwanza asubuhi ina maana gani. Mumeo simjui hata kidogo. Najua anaendesha lori, ana mke Korogwe, na alicheka. Sijui mnaongea nini anaporudi, kama mnaongea. Sijui zamu zinakwendaje, matumizi anatoa vipi, wala wewe na mwenzako wa Korogwe mmewahi kuonana au la. Kwa mwanamke anayeuliza kama aondoke katika ndoa, ndoa yenyewe imepata nafasi ndogo mno katika barua. Huenda ni kwa sababu inauma kuitazama. Huenda hakuna cha kutazama. Wewe ndiye unayejua.

Na yuko mwingine uliyempitia kwa sentensi moja: somo wako wa Pangani. Yule alikaa na wewe ndani. Anamjua mama yako, alikula pilau ya harusi yako, akavaa doti aliyopewa. Akikushauri vibaya unaweza kwenda kumketia mlangoni mpaka akujibu, na ataona haya. Zaidi ya hayo, anaweza kukukatiza: hapana mwanangu, hapo umekosa wewe. Dada M. hakukukatiza hata siku moja. Hakukuuliza swali lililokukera, hakuchoka nawe, hakuhitaji umpikie wala umuuguze. Ndiyo raha yake, na kwa mwanamke aliyetoka kuumizwa na mtu wa ndani, raha hiyo ni dawa kweli. Kwa kipindi fulani. Baada ya hapo inaanza kukuzoesha kwamba watu wenye mwili ni kazi nyingi, na unaacha kwenda Pangani.

Usije ukafikiri somo wa Pangani ana majibu yote. Makungwi wetu wengi walifundwa kumfunda mwanamke avumilie, na anaweza kukuambia yale yale ya Dada M. tena kwa ukali zaidi. Tofauti ni kwamba kwake unaweza kubisha.

Sasa kongamano. Ukilipa meza ya mbele utapata picha na kama nusu dakika. Atakukumbatia, maana kukumbatia ndiyo kazi yake siku hiyo. Atakuita mpenzi, na nyuma yako foleni inasukuma. Ukibeba maneno ya miaka minne kwenye nusu dakika, nahofia utarudi nayo yote Makorora, na laki ya kikoba imekwenda. Inawezekana pia akakusikiliza kweli, akakujibu, ukalala vizuri usiku huo, watu hushangaza. Jiulize tu unataka akuambie nini hasa. Kama ni "samahani", ameshaisema. Kama ni "nakukumbuka, mama wa Tanga", jiandae kwamba hatakukumbuka, wala haitakuwa kwa ubaya.

Kiti cha kawaida nakiona kwa jicho jingine. Utakaa katikati ya wanawake wa Tanga waliosikiliza yale yale na wakalia usiku ule ule. Hao unaweza kuwauliza swali wakakujibu. Mnaweza kupeana namba. Ninavyokusoma, kinachokukondesha kwa sasa ni kwamba hakuna hata mtu mmoja karibu yako asiyeona msiba huu ni kichekesho, na pale ukumbini watakuwepo wengi. Ukienda, usiende peke yako, na usiende na pesa ya kikoba ambayo itakubidi uitolee maelezo.

Kumwandikia? Mwandikie barua ndefu, kwa mkono, mambo yote. Uitume au usiitume utaamua baadaye. Lakini zile jumbe za kila siku naomba uzipunguze, na ukiona akaunti yenye jina na picha yake inakujibu ghafla faraghani, kwa upole mwingi, kisha inaomba mchango au namba ya siri ya simu, ujue ni tapeli. Watu hao huwatafuta hasa wenye kiu ya kujibiwa, na kiu yako iko wazi chini ya picha zake zote.

Unaweza pia kuamua kumzima kabisa. Wengine huwasaidia. Hofu yangu ni ule usiku na spika za masikioni: utajazwa na nini? Kama hakuna kitu, baada ya mwezi utapata Dada mwingine mwenye jiko jingine. Ndipo nilipotaka kulirudia lile la upweke. Mafundi wa kibanda cha jirani unaongea nao? Wenzako wa kikoba mnakutana kwa pesa tu? Mama yako Muheza si mbali. Sikupi orodha ya kwenda kuitekeleza. Nauliza tu Dada M. alianza kuchukua nafasi ya nani, na lini, kwa sababu barua yako inanipa shaka kwamba alianza kabla ya Korogwe.

Kuhusu kuondoka, sitakuambia ubaki wala uende. Naogopa maamuzi yanayofanywa wakati kitambaa hakionekani. Upe mwili wako muda wa kula na kulala, na kama wiki zinapita hali ni ile ile, nenda kituo cha afya umweleze daktari kama ulivyonieleza mimi, usimfiche sehemu ya redio. Ukifikia kutaka kuondoka kwa sababu za nyumba yako mwenyewe, ujue mapema kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kwa kawaida inataka mgogoro upite kwanza baraza la usuluhishi la ndoa kabla ya mahakama kusikiliza shauri la talaka; Waislamu wengi hupitia baraza la BAKWATA, na kata nazo zina mabaraza yao. Wengine hufika pale wakitaka talaka wakatoka na makubaliano ya zamu na matumizi yaliyoandikwa. Wengine hutoka na talaka. Kubaki kuna hatari zake pia: unaweza kubaki kwa kuona aibu tu ya kuonekana umeachika kwa kumfuata mtangazaji. Hiyo nayo ingekuwa ni kuongozwa naye.

Nimalizie kwa mumeo. Ile kauli yake, "ulikuwa unaishi na mimi au na redio", inawezekana ilikuwa kejeli. Hana sana haki ya kulalamika, maana redio haikumficha mtu Korogwe. Lakini umeandika mwenyewe kwamba alicheka, kisha akanyamaza, ndipo akasema. Kejeli kwa kawaida haingoji. Ukiacha lile la nani kafa, katika barua nzima hilo ndilo swali pekee alilokuuliza, na hukunieleza ulimjibu nini.

Naomba uangalie na hili: mimi nami ni sauti isiyokuona. Nina barua yako moja, wewe una majibu yangu haya, na yote niliyosema juu ya Dada M. kutokukujua yananihusu mimi pia. Maneno yangu yasipande ukutani kwa chaki.

Akirudi safari, kabla hamjafika kwenye Korogwe na mengine, mwulize alimaanisha nini usiku ule. Umwache aseme mpaka amalize. Ukipenda uniandikie alichosema. Na kama aligeuka akalala tena, uniandikie hilo pia.